Baraza Nje ya Ngome

Mama yangu aliingia Ngome ya Nizwa, huku Omani, amevaa viatu vipya vilivyombana, kwa hiyo alikuwa ameshanuna kabla hajaliona hata jiwe moja. Viatu nilimnunulia mimi na safari niliipendekeza mimi, basi kila ngazi tuliyopanda ilikuwa kosa langu. Ngazi zenyewe ni nyembamba, zinapinda huku na huku, na kila zinapopinda pana mlango mzito wa mbao. Juu ya mlango pana tundu refu linalotazama chini. Kijana aliyekuwa akitutembeza alituambia kwamba adui akifika pale, walinzi walimmwagia asali ya tende iliyochemka.

Mama akasimama. Akalitazama tundu, akamtazama yule kijana, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo nadhani ilifika sokoni:

"Asali ya tende? Yote hiyo, kuwamwagia watu? Kwani maji ya moto hawakuwa nayo? Asali ile si ingetosha halwa ya harusi nzima!"

Juu kabisa ya mnara mkubwa wa duara, ule uliojazwa udongo na mawe hadi nusu yake ili mizinga isiutikise, watalii walikuwa wakipiga picha za mitende na milima. Mama aliegemea ukuta akavua kiatu kimoja. Aliitazama Nizwa yote iliyokuwa chini yake, akasema, "Nzuri. Lakini si yetu." Nikajua kuna jambo linakuja, kwa sababu mama yangu hasifu kitu bila kutaka kingine.

Lilikuja tukiwa Izki, njiani kurudi nyumbani, tuliposimama kunywa chai ya maziwa ndani ya gari. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni yake, binti yetu nyuma na bibi yake. Mama alipuliza chai akasema, kana kwamba anaomba sukari, "Nataka kipande chetu cha ukuta."

Itabidi nieleze ukuta gani. Ngome yetu haimo katika vitabu vya watalii, wala hapana mtu wa kuikatia tiketi. Iko katika kijiji kimoja kati ya Ibra, tunakoishi, na Bidiya, pale ambapo mashamba ya mitende yanaanza kupungua na mchanga mwekundu unaanza kuonekana kwa mbali. Jina la kijiji sitalitaja kwa sababu jamaa zangu wa huko hawapendi kuandikwa, na mimi nataka kuendelea kula kwao.

Ni ngome ya udongo, ya pembe nne, yenye mnara kila pembe. Mlango wake mkubwa una mlango mdogo ndani yake, mfupi, ili anayeingia ainame na kutanguliza kichwa, na aliye ndani aamue kama kichwa hicho anakipenda. Ndani mna kisima, msikiti mdogo na safu za vyumba ambamo ukoo mzima ulijibana siku za uvamizi pamoja na mbuzi wao. Mna ghala la tende ambalo sakafu yake ina mifereji. Magunia yalipangwa juu yake, yakakandamizana, asali ikachuruzika yenyewe mpaka kwenye mtungi uliofukiwa. Kuta ni nene sana chini na zinazidi kuwa nyembamba kadiri zinavyopanda, na huko juu pana njia ya mlinzi kupita nyuma ya kikuta chenye matundu ya bunduki. Msingi ni wa mawe mpaka magotini. Kuanzia hapo ni matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua tu, yakakandikwa kwa udongo uliochanganywa na mabua ya ngano. Ilijengwa lini, kila mzee ana jibu lake, na ukiwaweka wazee wawili pamoja utapata majibu matatu.

Dari la chumba kikubwa ndilo lililommaliza mama siku ya kwanza alipoingia, miaka mingi iliyopita. Vyumba vingine vyote vimeezekwa kwa magogo ya mtende. Kile kina boriti za mikoko zilizotoka pwani ya Afrika, zikashushwa Sur, zikaletwa huku juu kwa ngamia. Mama, mtoto wa Unguja mjini, aliinua uso, akazijua palepale. "Hizi zetu!" alisema. Wenyeji wakadhani anadai dari.

Lakini ajabu ya ngome ile ni ukuta wa nje. Haukujengwa na fundi mmoja. Uligawanywa baina ya nyumba za ukoo, na kila nyumba ikafyatua matofali kwa udongo wa shamba lake na kujenga kipande chake, bega kwa bega na jirani. Ukitembea kando yake unaona mishono. Hapa udongo mwekundu, matofali marefu. Mbele kidogo udongo wa kijivu, matofali mafupi ya watu waliokuwa na haraka. Mpaka leo kila mwaka, tende zikishavunwa, kila nyumba hutoka ikakandika kipande chake upya. Ukitaka kujua nani ni nani katika kijiji kile, usiulize. Tazama nani anakandika wapi.

Na sisi hatukuwa tukikandika popote. Babu yake mama alishuka Sur akapanda chombo kwenda Unguja akiwa kijana, akaacha kipande chake, kilicho baina ya mlango mkubwa na mnara wa upande wa mashamba. Ndugu yake aliyebaki akakitunza, kisha mwanawe, kisha mjukuu wake, ambaye sasa ni mzee mwenye ndevu nyeupe na gari la pikapu ambalo halijapata kuoshwa. Sisi tunamwita Ami. Yeye humwita mama "bint ammi", yaani binti wa ami yangu, kwa heshima kamili. Anatuletea tende, anatuzika, anatuoza. Lakini akizungumza na wenzake juu yetu anasema "Wazinjibari", watu wa Zanzibar, na hana ubaya wowote, kama unavyosema "wageni wangu".

Neno hilo ndilo lililomkaa mama rohoni. Alinieleza siku ileile, Izki, chai mkononi. "Unguja niliitwa Mmanga, Mwarabu wa kuja. Sawa, nikaja kwa Wamanga wenzangu nimekubeba wewe mgongoni. Huku nikaitwa Mzinjibari. Sasa mimi ni mzee. Sitaki kuzikwa hapa mgeni."

Mume wangu alizima redio. Mimi ni mtu wa ofisi ya serikali na kiyoyozi, sina mapenzi na udongo, na mambo ya asili yangu huniwasha kidogo, hasa yakianza kuzungumzwa kwenye gari. Lakini sauti yake ilinichoma.

Siku ya pili ya Idi mama aliingia kwenye sabla, ukumbi wa jamaa kule kijijini, ambako wanaume walikuwa wakinywa kahawa. Wanawake hawaingii hivi hivi, lakini nani atamtoa mwanamke wa umri ule mwenye fimbo? Aliketi karibu na mlango akasema haja yake kwa Kiarabu chake, ambacho ni sahihi kabisa ila kinakwenda kwa mwendo wa Kiswahili. Mimi nilikuwa nyuma yake nikitazama zulia.

Ami alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kipande kile hawajakichoka, na kwamba ukuta si kitu cha kupeana kwa hisani, maana mmoja akizembea wote wanaingiliwa. "Hatuingiliwi na mtu siku hizi," mmoja akasema. "Tunaingiliwa na mvua," Ami akamjibu.

Akatoa sharti lake. Tukikandike baada ya mavuno na tukitunze majira yote ya baridi. Kikisimama vizuri, kitakuwa chetu moja kwa moja. Kisha, kwa kuwa binti yangu aliuliza kutoka nje ya dirisha kitatokea nini kikianguka, alieleza desturi yao, na mama akaisikiliza kama mtu anayesikiliza habari ya posa. Kipande cha nyumba kikianguka, wenye nyumba hiyo hawagusi udongo. Nyumba nyingine zote huja na kukiinua, na wenyewe kazi yao ni kupika.

"Basi kikianguka mtakuja?" mama akauliza.

Ami alizungusha kikombe cha kahawa mkononi. "Hiyo ni desturi ya watu wa ukuta, bint ammi. Nyinyi kwanza tuwaone."

Tulikandika baada ya mavuno, sote. Mama alifunga kanga kiunoni, akaingia ndani ya shimo la udongo na kuukanyaga kwa miguu, akituamrisha kama nahodha. Mume wangu, ambaye wazee wake walirudi kutoka Tabora na ambaye huamini hapana kazi duniani isiyoweza kufanywa na yeye mwenyewe siku ya Ijumaa, alipanda ngazi na ndoo. Binti yangu alipiga picha zaidi ya alivyokandika.

"Bibi, ukuta yetu imekuwa nzuri sana!"

"Ukuta wetu umekuwa mzuri! Na wewe ungekuwa mzuri ungeshika udongo ukaacha simu."

Kwa kweli ulikuwa mzuri. Ulikuwa na alama za viganja vyetu kutoka chini mpaka juu, na jua la jioni lilipoupiga ulikuwa na rangi ya mkate uliotoka jikoni. Watu wa vipande vya jirani walisimama kuutazama, wakatikisa vichwa kwa namna ya kukubali. Nilijiona nikitabasamu peke yangu. Tungeondoka pale, tukanawa, tukarudi Ibra, hadithi ingeishia hapo.

Lakini mama alirudi nyuma hatua kadhaa, akauangalia ukuta, akakunja uso. "Kuna kitu kinakosekana," akasema. "Watu watakaa wapi?"

Kwa mtu wa Unguja mjini, nyumba isiyo na baraza ni ghala. Ukuta unaotazama njia lazima uwe na kibaraza chini yake, watu wakae, wanywe kahawa, wajue nani kapita na kabeba nini. Mama alikulia juu ya baraza kama hilo. Habari zote za maana alizopata kuzisikia alizisikia akiwa amekaa hapo. Akatupa fimbo chini kuonyesha linapoanzia, akatembea, akaonyesha linapoishia, na urefu ukawa karibu sawa na kipande chetu chote.

Mwanamke mmoja wa pale alisema kwa upole kwamba ukuta wa udongo haupendi kuegemewa, maji yatakosa pa kwenda. Mama akamcheka. "Mwanangu, Unguja mvua inanyesha mpaka unaikinai, na kila ukuta una baraza lake, na hakuna ulioanguka." Hakusema, kwa sababu hakupata kuliwaza, kwamba kuta za Unguja ni za mawe na chokaa.

Ijumaa iliyofuata mume wangu alilijenga, kwa matofali ya simenti kutoka dukani, akalibana barabara na ukuta, akalisawazisha kwa pima maji yake mpya. Mama alilikandika udongo juu ili rangi isipishane. Na lazima niseme ukweli, lilipendeza, na lilipendwa. Wiki haikupita wazee wakaanza kukaa pale baada ya alasiri, watoto wakapata pa kurukia, na wanawake waliotoka mashambani wakapata pa kutua mizigo. Kila tulipokwenda, mama alikuta watu, na kila alipokuta watu alibadilika sura, akawa msichana. Alileta kahawa kwa birika kubwa na visheti alivyokaanga mwenyewe. Ami peke yake hakukaa. Alikuwa akipita na pikapu lake, akipunguza mwendo, akitazama, akaondoka. Mama alidhani ni kijicho.

Mvua ilikuja baridi ilipokuwa imekwisha zoeleka. Ilikuja kama inavyokuja huku, si ya kila siku, ila ikija inataka kulipa madeni yote. Wadi, yale mabonde ya mito mikavu, zilijaa maji, barabara ikakatika, nasi tukakaa Ibra tukisikiliza maji juu ya paa. Adhuhuri simu ya binti yangu ililia. Ilikuwa picha kutoka kwa jamaa wa kijijini. Ukuta wa ngome, mrefu, umelowa na kuwa mweusi, na baina ya mlango mkubwa na mnara wa mashambani pengo kama la jino lililong'olewa. Chini ya pengo kilima cha udongo. Katikati ya kilima, likiwa zima kabisa bila hata ufa, baraza.

Vipande vingine vyote vilisimama.

Mume wangu alielewa kwanza. Maji yalikuwa yakiteremka ukutani kama siku zote, lakini badala ya kuangukia mawe ya msingi na kwenda zao, yaliangukia baraza, yakatulia pale penye kona, yakanyonywa na matofali ya udongo taratibu mpaka yakalainika kama mkate ndani ya chai. Alinieleza haya jikoni kwa sauti ya chini, huku akichora kwa kidole juu ya meza. Mama alikuwa sebuleni na simu ya binti yangu mkononi, akiikuza ile picha.

Asubuhi yake wadi zilipungua. Nilidhani tutakwenda kuomba radhi. Nilimkuta mama amekwisha vaa, amesimama nyuma ya gari la mume wangu, akisimamia upakiaji wa masufuria. Si sufuria moja. Yale makubwa ya harusi, pamoja na gunia la mchele, nyama, vitunguu na kopo lake la bizari.

"Mama, nani atakuja?" nikamwuliza. "Alisema kwanza watuone. Wameshatuona."

"Kilichoanguka ni kipande changu au si changu?"

"Mama..."

"Kama changu, kazi yangu ni kupika. Pakia kuni."

Tulifika, hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa imejaa matope, na ngome ilikuwa imenyamaza na pengo lake. Kupitia pale uliweza kuona mpaka kisimani, na hilo lilinitia haya, kama kumwona mtu nguo imempasuka mbele za watu. Nilikuwa nimeudharau ukuta ule kwa miaka, lakini nilipouona umefunguka nililengwa na machozi, na nikakasirika kwa kulengwa.

Mume wangu, naye masikini alikuwa akijiona muuaji, aliinama aokote tofali lililobaki zima. Mama alimpigia ukelele uliomfanya aliangushe. "Usishike! Wewe ukishika tu, tumekwisha!"

Nikafahamu. Tukianza kuokota, tukaanza kujenga wenyewe, tutakuwa tumekiri kwamba hatuna wa kutujengea. Basi tukasimama mikono mitupu mbele ya fujo letu, na tukapika. Mama alikaanga vitunguu mpaka harufu ikapita juu ya minara. Aliosha mchele wa kulisha kijiji, na nilipotaka kumsaidia akaniondoa. Hakuangalia njiani hata mara moja. Binti yangu ndiye aliyeangalia, kila dakika, na kila dakika hapakuwa na mtu. Nilianza kuhesabu moyoni nani katika Ibra ningeweza kumpelekea pilau yote ile, na nini nitamwambia mama njiani tukirudi.

Pikapu la Ami lilitokea peke yake. Halikuwa na ndoo wala koleo. Alishuka, akasalimia, akatembea polepole kando ya kifusi, akaligonga baraza kwa fimbo yake. Likatoa sauti ya kitu kigumu.

"Nani amelijenga hili?"

Mume wangu akapendezwa ghafla na kuni. "Mimi," mama akasema.

Ami alilitazama, akautazama ukuta, na ndevu zake zikaanza kutetemeka. "Bint ammi," akasema, "wazee wetu wamejenga mnara kila pembe, wakatoboa matundu ya bunduki, wakachemsha asali ya tende, yote hayo ili adui asifike ukutani. Wewe ukaja ukamjengea adui mahali pa kukaa!" Akacheka mpaka ikambidi akalie hilohilo baraza, mara ya kwanza tangu lijengwe, akakohoa, akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Uliliona siku zote, ukanyamaza!" mama akamkemea.

"Na wewe ni mtu wa kuambiwa?"

Mama akafunua sufuria lisilohitaji kufunuliwa. Binti yangu akacheka chinichini, nami nikamfinya. Ami alinyoosha shingo kuyatazama masufuria. "Hicho ni chakula cha watu wangapi?"

"Cha watu wa ukuta," mama akasema. Alisema kwa Kiarabu, akiwa amejinyoosha, mwiko mkononi.

Ami aliinuka kwenye baraza. Alitoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akabonyeza, akasema neno moja, "Yallah," akairudisha.

Walikuja kutoka nyuma ya mashamba, magari mengi, wanaume na wanawake, matofali makavu yamefunikwa turubai kutoka akiba ya kila nyumba. Nyuma kabisa ikaja trekta ikivuta tela lenye udongo. Mama aliweka mwiko chini. Alilifuata tela kama aliyeitwa, akatia mkono wake wote ndani, akautoa, akaunusa. Kisha akasimama palepale na mkono wake mchafu, machozi yakimtoka waziwazi, na mimi nikakimbilia kwake nikidhani ameumia.

"Umelala," akaniambia. "Mwanangu, umelala."

Udongo wa kukandika na kujengea hauchanganywi asubuhi ukatumika asubuhi. Unaloweshwa, unatiwa mabua, unakanyagwa, unaachwa ulale mpaka mabua yalainike na uanze kunuka uchachu, ndipo unashika. Ule mkononi mwa mama ulikuwa laini, unanuka, umeiva. Maana yake waliuanza jana. Mvua ilikuwa bado inanyesha, sisi tuko Ibra tunaitazama picha, nao walikuwa wamesimama shimoni wanatukanyagia udongo, bila ya kuambiwa na mtu, wala kuangalia kama tutakuja.

Sioni haya kusema kwamba nililia na mimi. Tulilia kidogo tu, kwa sababu mama alikumbuka pilau, akaanza kunipigia kelele kwamba wali unashika chini na mimi nimesimama kama mnara.

Walijenga mpaka alasiri. Kazi ya kwanza ilikuwa kulibomoa baraza, na mume wangu alijenga vizuri mno, jambo ambalo lilimpatia sifa na matusi kwa kiasi sawa. Mama alikatazwa kugusa udongo, basi alikaa kwenye kiti na kuwasimamia. Aliwaambia wanaweka mabua machache. Aliwaambia Unguja kazi ingekuwa imeshakwisha. Wakamjibu, naye akawajibu, na ilipofika adhuhuri hapakuwa na mtu aliyekuwa akimtafunia maneno. Yule mwanamke aliyemwonya habari ya maji alimwambia mbele za watu kwamba ni mbishi, na mama akamwongeza nyama.

Walipokwisha kula, Ami alinawa mikono, akaja kusimama mbele ya kiti cha mama. Hakusema lolote juu ya sharti, wala juu ya majira ya baridi. Alisema kipande cha nyumba ya tatu kutoka kwetu kina ufa kwa upande wa ndani, na hakitastahimili mvua nyingine. Watakibomoa Jumanne na kukiinua upya, na nyumba zote zinatakiwa zilete watu na matofali. "Nyinyi hamna matofali bado," alisema, "mtaleta migongo."

"Tutakuja," mama akasema kabla hajamaliza. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiswahili kama Jumanne nina kazi.

Nilikuwa na kazi. Nikamwambia sina.